Ufunguo wa Refa

Siku ya Mtakatifu Georgi, wakati kondoo wanageuzwa motoni karibu katika kila ua wa Dolno Brestovo, Stamen Iliev aliingia kijijini na gari lake dogo kuchezesha mechi. Kabla hajashuka vizuri, Mzee Tsanko, mwenyekiti wa timu ya nyumbani, alikwisha kunyoosha mkono kuomba ufunguo.

Ndiyo desturi. Gari la refa huwekwa uani kwa mwenyekiti lisikwaruzwe na wahuni. Mechi ikiisha, refa hulifuata, huketi mezani, hula nyama, ndipo huondoka. Kijiji huiita heshima. Mimi, ninayewafundisha marefa wapya wa wilaya hii, huiita kamba ya shingoni.

Stamen alikuwa mgeni katika kazi hiyo. Riziki yake ilikuwa kusaga vioo vya miwani mjini. Mtu mpole, asiyezoea kupigiwa kelele. Alitoa ufunguo, aliniambia baadaye, bila kuuliza.

Kipindi cha pili Brestovo walikuwa mbele kwa bao moja. Miro, winga mwembamba wa wageni, aliusukuma mpira mbele na kumpita nahodha Krastyo, mpwa wa Mzee Tsanko. Krastyo akajirusha kutoka ubavuni, miguu yote miwili hewani, imenyooka, meno ya viatu mbele. Mpira ulikwisha kwenda zake. Meno yale yakampata Miro chini ya goti, akapaa, akabingirika.

Kisha akasimama. Akajipangusa vumbi.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Vijijini kwetu sheria inayoaminiwa ni moja: asiyebebwa hakuumizwa, na asiyeumizwa hakuchezewa vibaya. Mashabiki wa nyumbani wakapaza sauti:

"Mzima huyo! Mzima!"

"Msaga vioo, jisagie vyako kwanza!"

"Puliza filimbi, mpira uendelee, mama'ko anakusubiri!"

Mzee Tsanko hakupiga kelele. Alisimama kando ya mstari, akauzungusha ufunguo wa gari kidoleni, taratibu.

Darasani huwa nawaambia: msitazame uso wa aliyeanguka, wala msisikilize kilio. Mtazameni anayekuja. Anakuja kwa kasi gani? Miguu yake inagusa chini? Meno ya viatu yanaelekea wapi, na juu kiasi gani? Mpira bado upo wa kugombaniwa? Mguu uliosalimika haumsafishi aliyetaka kuuvunja. Ni rahisi kusema hayo huku kahawa iko mezani.

Stamen alitazama ng'ambo ya uwanja. Aliliona lango la mwenyekiti, refu, la chuma. Alimkumbuka mbwa aliyemwona amefungwa nyuma ya lango hilo, karibu na gari lake. Mkono ukaenda kwenye mfuko wa kifuani, kwenye kadi ya njano.

"Hiyo inatosha, kaka," Krastyo alinong'ona, akitabasamu. "Jioni tunakula pamoja, au siyo?"

Stamen akaiona tena ile miguu miwili hewani. Mkono ukashuka, ukaenda mfuko wa nyuma. Kadi aliyoinua ilikuwa nyekundu.

Krastyo akatolewa, wageni wakasawazisha, na mechi ikaisha kwa sare. Wageni wakamwita kwenye gari lao. "Twende, Stamen! Lako utalifuata kesho."

"Nikilikimbia, watasema nilijua nimekosea," alijibu. Akaenda peke yake.

Lango lilifungwa nyuma yake. Mezani Krastyo ndiye aliyekuwa akikata nyama, kwa kisu kirefu. Refa hupewa bega la kondoo. Krastyo alimwekea mfupa wa muundi, mtupu, umekwanguliwa.

"Kula, refa. Si unaihurumia sana miguu?"

Mmoja wa waliokaa mezani akacheka. Stamen alificha mikono chini ya meza.

"Huu umekwisha kukatwa," alisema. "Wa Miro bado unatembea. Ulitaka ningoje mpaka ufanane na huu?"

Krastyo hakukiweka kisu chini. Mbwa alibweka, mnyororo ukalia. Mzee Tsanko aliutazama ule mfupa, akausogeza ufunguo karibu na sahani ya Stamen.

"Ondoka, mwanangu, kabla sijabadili nia."

Aliondoka na njaa. Baada ya kona ya kwanza alisimamisha gari, kwa kuwa mguu wake ulitetemeka hata hakuweza kukanyaga klachi. Alikaa hapo, milango ameikomea, akiogopa kila gari lililokuja nyuma.

Watu hupenda kusikia kwamba mwenye haki hupewa ujasiri. Stamen hakupewa. Alikuwa na hofu, na haki akaitenda akiwa nayo.

Msimu huu alipangiwa Brestovo tena. Mzee Tsanko alinyoosha mkono kama kawaida.

"Samahani, mzee," Stamen alisema, midomo imepauka. "Leo nitautunza mwenyewe."

Akautumbukiza ufunguo ndani ya soksi, akaingia uwanjani.