Kitufe cha Kofia za Voahangy

Fundi wa tovuti wa mtaa wa Isotry hagusi kompyuta kabla hajamaliza kitumbua chake. Hulamba vidole, huvifuta kwenye sketi, ndipo anaposema, "Haya, tumtazame mgonjwa." Voahangy, msukaji wa kofia za ukili, anamjua hivyo, ila leo subira imemwishia: kitufe cha kuagizia kofia kimegoma, na shangazi zake wamejaa dukani kuitazama tovuti.

"Huu msimbo wa JavaScript wa kukiamsha kitufe, nani kaubandika juu kabisa?" fundi akauliza.

"Mimi, mwanangu," Voahangy akajibu. "Kitu cha heshima si huwekwa juu, kwenye kona ya mababu ndani ya nyumba?"

Fundi akacheka mpaka meza ikatikisika. "Mama wee! Kompyuta huusoma ukurasa kuanzia juu ikishuka. Msimbo wako unakitafuta kitufe ambacho hakijafika. Unamwita bibi harusi naye bado yuko njiani! Uteremshe chini kabisa, wenzake wote wakishaketi."

Fundi akauteremsha mwenyewe. Ukurasa ukaanza kufunguka polepole, mstari kwa mstari; yeye keshasimama, anapiga vigelegele na kukata kiuno.

"Fundi," Voahangy akamwambia, "keti kwanza. Bibi harusi bado yuko njiani."