Harusi Iliyofunga Barabara

Jina alilopewa na wazazi alikuwa nalo, tena zuri, ila watu wote walimwita Kiguu, kwa kufupisha kiguu na njia. Na kweli mtu yule hakujua kutulia. Hata kwenye kiti alikaa upande, mguu mmoja ukicheza chini ya meza mpaka vikombe vikagongana, na mkewe akalalama, "Baba watoto, huo mguu utautuliza lini? Chai yote iko kwenye kitambaa."

Kazi yake ilikuwa kushona magodoro. Usiidharau. Yeyote anaweza kulikata sponji, na kulivisha kitambaa si hoja, lakini kuufunga ukingo kwa utepe, godoro zima likizungushwa kwenye cherehani, hiyo ni kazi ya watu. Na kwenye pembe ndipo fundi anapojulikana. Pembe ikikunjamana, mnunuzi ataigusa dukani, ataguna, ataulizia la jirani. Pembe za Kiguu ungepitisha kiganja ukadhani godoro limezaliwa hivyo.

Sasa, kwenye barabara ile palikuwa na viwanda viwili vya magodoro vilivyotazamana geti kwa geti, dirisha kwa dirisha. Kimoja kilipigwa na jua la asubuhi, wafanyakazi wakakiita Juani. Cha pili wakakiita Kivulini. Matajiri wenyewe walikuwa hawaivi chungu kimoja. Juani akishusha bei, Kivulini anatoa mto wa bure. Kivulini akileta kitambaa cha maua, Juani analeta cha maua na ndege. Kiguu naye alikuwa katikati ya ugomvi huo, anavuka barabara. Akiudhiwa Juani, au akisikia tu kwamba Kivulini wameongeza kidogo, aliuweka mkasi mezani kwa msimamizi, akasema, "Haya bwana, tutaonana dirishani," akabeba mkebe wake wa chakula na kuvuka. Chakula kilikuwa hakijapoa, yeye ameshakaa kwenye cherehani nyingine. Akichoka na huko, anarudi.

"Mchumia juani hulia kivulini," alipenda kujigamba. "Mimi nachuma kote na silii popote!"

Na kila alipovuka, tajiri aliyeachwa aliingiwa na hofu wengine wasije wakafuata, akawaongezea waliobaki. Unadhani kuna aliyemshukuru? Thubutu! Waliipokea nyongeza huku wakimcheka. Binti yake mwenyewe, aliyekuwa mshonaji pale Juani, alikuwa akiinamisha uso kila baba alipouweka mkasi mezani. Mashemeji walisema dada yao ameolewa na upepo. Mkewe aliyekuwa na duka la magodoro, yamepangwa mpaka darini, ya Juani kushoto na ya Kivulini kulia, alikuwa na ombi moja tu maishani: mumewe akae mahali pamoja.

Siku moja akaja dada wa chuo, mtafiti, na maswali yake. Asubuhi alikaa dukani, akamuuliza mama mwenye duka bei zinavyokwenda, nani akipandisha nani anafuata. Jioni akasimama barabarani kuwauliza wafanyakazi wakitoka. Swali lake moja lilimchekesha Kiguu mpaka akashika mbavu.

"Ukiacha kazi leo, kesho utakuwa wapi?"

"Kesho ya nini, dada? Nikiacha asubuhi, cha mchana nakulia pale," akanyoosha kidole ng'ambo.

Dada yule alipoambiwa kwamba mwenye duka la asubuhi ndiye mke wa huyu, alifurahi kama aliyeokota kitu. Aliahidi kurudi.

Basi ikaja harusi. Kijana wa tajiri wa Juani na binti wa tajiri wa Kivulini walipendana, na walipendana kweli, tusiwasingizie. Wazee wakapeana mikono hadharani. Jamani, wafanyakazi walivyoshangilia! Wapiganapo tembo nyasi huumia, wahenga wamesema, na leo nyasi tumepona! Wakachanga pande zote mbili, wakawashonea maharusi godoro, pana kama uwanja: sponji la Juani, kitambaa cha Kivulini, na pembe zote nne akapewa Kiguu. Alizishona akiimba. Siku ya sherehe alicheza mpaka soli ya kiatu ikaachia.

Mto wa bure ndio uliotangulia kufa. Kisha bei zikapanda, Juani na Kivulini, siku moja, kwa kiasi kimoja, kama watu walionyolewa na kinyozi mmoja. Wateja wa mama waliguna upande wa kushoto, wakaenda kulia, wakaguna tena, wakatoka. Kule kiwandani nako kimya. Msimu wa nyongeza ulipita kama gari lisilo na kituo.

Mguu wa Kiguu ukaanza kuwasha. Asubuhi moja akamwendea mezani msimamizi wa Juani, waliyemwita Shingo kwa jinsi alivyoinyoosha kuchungulia katikati ya cherehani. Safari hii Kiguu alitaka wote wasikie. Aliutupa mkasi badala ya kuuweka.

"Shingo! Twiga analipwa kwa kutazamwa, wewe unalipwa kwa kututazama. Baki salama. Tutaonana dirishani!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa binti yake. Kiguu akavuka barabara akipunga mkono kama mgombea. Mlinzi wa Kivulini, rafiki yake wa siku nyingi, alimtazama kupitia nondo wala hakugusa kufuli.

"Fungua basi, ndugu yangu. Au umenisahau?"

"Sifungui. Tumeambiwa mtu wa kwa mkwe hachukuliwi. Ni kukosa adabu."

"Adabu ya nani?"

"Ya harusi, ndugu yangu. Na kule kwenu wameambiwa vivyo hivyo wasichukue wa kwetu."

Kiguu alisimama katikati ya barabara na mkebe wake, malori yakimpigia honi, dereva mmoja akimtukania mpaka nyanya yake. Mji ule haukuwa na mtu mwingine aliyehitaji pembe za magodoro. Duka la mkewe lilikuwa linapwaya. Aligeuka, akaona kwenye dirisha la Juani shingo ndefu imetulia, inamtazama. Si alisema mwenyewe wataonana dirishani? Aibu aliyoisikia ilimshuka mpaka kwenye nyayo.

"Karibu, mgeni," alisema Shingo. Na kama mgeni alimpokea: mshahara wa anayeanza, na kazi ya kuchambua mabaki ya sponji kule nyuma, vumbi likimjaa puani. Cherehani yake ilipewa mtu ambaye pembe zake zilikunjamana kama uso wa aliyelamba ndimu. Wala hakuna aliyemgombeza. Mnunuzi ataguna, kisha aende wapi?

Nyumbani hakukaliki. Alienda dirishani akarudi, akaenda mlangoni akarudi, akafungua redio, akaizima, akaifungua tena. "Utatoboa sakafu," mkewe alimwambia. Alikosa usingizi, akakosa na hamu ya kula. Halafu jioni moja mezani mkewe akagundua kitu: vikombe havigongani. Mguu ulikuwa umetulia, umelala pale chini kama si wake. Ombi lake la miaka yote lilikuwa limejibiwa, na mwanamke yule aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Dada wa maswali alitimiza ahadi. Alimkuta Kiguu dukani siku ya mapumziko, ameketi juu ya rundo la magodoro yasiyonunuliwa. Akamwamkia, akauliza swali lake lile lile: akiacha kazi leo, kesho atakuwa wapi?

Kiguu alimgeukia mkewe.

"Hana pa kwenda," mkewe akajibu kwa hasira. "Si umeona? Mwandike hivyo: hana pa kwenda!"

Dada hakuandika. "Mama, mteja wako akichukizwa na bei ya Juani, alikuwa anakwenda wapi?"

"Kivulini. Unajua."

"Na baba akichukizwa na mshahara wa Juani?"

Mama alitazama kushoto kwenye magodoro ya huku, akatazama kulia kwenye ya kule. "Ebo! Kumbe ni mlango mmoja?"

"Ni mlango mmoja. Watu hudhani soko la bidhaa liko huku, soko la kazi liko kule, hayajuani. Ndiyo maana nauliza dukani na getini pia. Wenye viwanda wakiacha kugombea wanunuzi, angalia kama bado wanawagombea wafanyakazi."

"Na sisi tulichanga!" Kiguu aliruka kutoka kwenye rundo. "Tulichanga, tukacheza! Tembo walipopigana sisi nyasi tulinawiri, dada. Tumekauka walipooana! Na godoro lao nimewafungia mimi, pembe zote nne!"

Mkewe alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akauliza dawa ni nini. Dada alisema ukweli, kwamba yeye anachunguza tu, dawa hana, ila mlango ukifungwa watu hutafuta ulio mbali zaidi, na ulio mbali una gharama yake.

Maneno hayo hayakumpa mama usingizi. Alipiga simu huku na huko mpaka akapata kiwanda cha mbali, safari ambayo lori hulala njiani. Hata na nauli ya lori, magodoro ya huko yalikuwa nafuu kuliko ya pale. Shehena ya kwanza iliisha kabla hajaipanga. Dereva alipoleta ya pili, akasema kule wanatafuta kwa udi na uvumba fundi wa pembe, chumba watampa.

"Nenda," mama akamwambia mumewe.

"Mimi?" Kiguu akashtuka. "Mbali kote huko?"

"Si wewe kiguu na njia?"

"Mke wangu, hujanielewa tangu tuoane! Nimevuka barabara ile maisha yangu yote ili jioni nirudi hapa. Mimi nilikuwa nahama ili nisihame!"

Maneno hayo yalimchoma mama, maana yalikuwa kweli na hakuwahi kuyafikiria. Lakini alimtazama mguu, ule uliolala, akaingia chumbani, akatoka na begi.

Asubuhi ya safari lori lilisimama kati ya mageti mawili. Wafanyakazi walitoka kutazama, na safari hii hakuna aliyecheka. Kiguu alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, mwingine chini, Shingo alipokuja mbio, jasho linamtoka.

"Subiri, mzee! Bwana mkubwa amesema urudi kwenye cherehani yako. Mshahara wako wa zamani, na kidogo juu."

Mzee! Jana alikuwa mgeni. Moyo wa Kiguu uliruka, karibu ashuke. Akamwona mkewe amesimama na kanga yake imebanwa kifuani, akamwona binti yake kwenye kundi.

"Na hawa wengine?"

Shingo aliteremsha sauti. "Wewe tu. Usitangaze."

Hapo hasira ikamwokoa. "Nitangaze nini? Wamekusikia wote, hujui kunong'ona!" Akapanda. Washonaji wawili walitazamana, wakamuuliza dereva kama kuna nafasi, wakapanda nao bila hata begi. Lori lilipoondoka Kiguu hakuthubutu kuangalia nyuma.

Chumba alichopewa kilikuwa safi. Alilala kwenye godoro alilolishona mwenyewe, pembe zake nzuri, na hakupata usingizi. Jioni alizunguka mji asioujua mpaka miguu ikauma, akarudi, akazunguka tena.

Mchana mmoja wakati wa chakula simu ikaita. Alikuwa mkewe, na sauti yake ilikuwa juu kwa furaha. Bei zimeshuka, Juani na Kivulini! Mto wa bure umefufuka! Na kiwandani, watu wengine walipopanda lori, matajiri waliogopa, wote wameongezewa, wote, na binti yao amepewa cherehani ya baba.

"Pembe zake zikoje?" Kiguu aliuliza.

"Kama zako. Nimezigusa mwenyewe."

"Basi tumeshinda! Narudi, mke wangu. Lori la kesho lina nafasi, napanda."

Upande wa pili akasikia mlango unafungwa.

"Mama watoto, umenisikia?"

"Shingo hupita dukani kila asubuhi," mkewe alisema polepole. "Anakusalimia. Kisha anauliza, mzee atarudi lini? Anauliza kwa upole, lakini haachi kuuliza. Siku akikuona barabarani atajua kule mbali hakukaliki. Wakishajua hivyo, watatufungia mlango tena, wewe na binti yako na wote."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

Akamsikia mkewe anavuta pumzi, akasikia na kile kilio chake cha kujizuia, anachokijua. Chini ya meza ngeni mguu wake ulikuwa unacheza, vikombe vya wenzake vinagongana.

"Tulia huko, baba watoto," akasema. "Nakuomba, usirudi."