Jumuiya Imekuja Kuiombea Simu ya Bibi

Jamani, nimetoka shamba nimekuta jumuiya nzima ya kanisani imejaa sebuleni kwetu hapa Bugarama, inaiombea simu.

Simu!

Ile niliyomwekea bibi yangu programu ya kumkumbusha dawa za presha, maana alikuwa anaziruka makusudi.

Ina sauti ya dada mpole. Kila asubuhi inasema, "Shikamoo bibi, umeamkaje?"

Bibi anaitikia, "Marahaba mwanangu. Na wewe umeamkaje?"

Kimya.

Basi bibi kaona huyu binti anauliza hali za wenzake tu, ya kwake hasemi. Lazima anaumwa. Kaita jumuiya, na watu wamekuja na ndizi. Mkungu mzima, mbele ya simu, na simu yenyewe imekalishwa kwenye kigoda!

Nikamwambia, "Bibi, hiyo ni mashine."

Akanijibu, "Kwani redio ya babu yako haikuumwa?"

Na kweli iliumwa.

Katikati ya sala sauti ikatoka: "Bibi, ni wakati wa dawa."

Wote wakaitikia, "Amina!"

Bibi akameza vidonge vyake palepale, anatabasamu, eti anamtia moyo mgonjwa. Mimi nimembembeleza mwezi mzima!

Nikadhani yameisha. Kumbe mwenyekiti wa jumuiya anataka jina la mgonjwa, atajwe kwenye nia za misa Jumapili.

Nisaidieni haraka, kalamu ameshaishika.

Nimwambie anaitwa nani?