Mkono Ulionishika Kwenye Leza

Wale wa kuniambia kwamba ganzi ilinilevya, naomba wakae kimya. Ganzi yenyewe ilikuwa krimu ya kupaka usoni, si ya kunywa wala ya kuchomwa. Akili zangu zilikuwa timamu, tena ilikuwa mchana kweupe, Iringa mjini. Yalinikuta, na ninayasema nikiwa bado na hasira.

Mimi nauza vitenge Mwanjelwa, Mbeya. Nilikuwa mnene, sukari ikapanda, daktari akaniandikia sindano za kupunguza mwili. Zilifanya kazi, sikatai. Sukari ikashuka, magoti yakaacha kuuma. Lakini uso! Mashavu yalikwisha, ngozi ikabaki inaning'inia kama soksi iliyolegea. Sokoni wakaanza kunong'ona kwamba nimeukwaa ukimwi. Hao hao walioniita tipa kwa unene, sasa wananipa pole ya mgonjwa! Hilo ningelivumilia. Nililoshindwa kuvumilia ni kwamba nilipokonda, nilitokea na uso wa mama yangu.

Mama yangu, Matilda, aliniacha kwa bibi kule Idodi nikiwa sijaanza hata shule. Alinilaza mchana, nilipoamka hayupo. Kumbe amekwenda Makongolosi, kule Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, akazaa huko watoto wengine, hakutuma hata salamu. Nimekua, nimeolewa, nimemzika bibi, yeye hayupo. Halafu naenda Idodi harusini, wazee wananishika kidevu: "Heh! Matilda mtupu!" Wanacheka kwa furaha. Wewe unajua ilivyo kujitazama kwenye kioo asubuhi, ukamkuta mtu aliyekutupa? Nikasema, uso huu nitauondoa.

Ndiyo nikaenda Iringa kwa daktari wa ngozi mwenye mashine ya leza. Binti mpole, akaniambia ukweli: leza ingekaza ngozi kiasi, isingerudisha mashavu.

"Daktari, we choma tu," nikamwambia.

Akanifunika macho kwa vikinga vyeusi, nisione hata mwanga. Mashine ikaanza kulia. Kila mpigo ni kama kuchapwa na mpira mwembamba, na harufu ya vinyweleo vinavyoungua.

Ndipo nikasikia mtu ananishika mkono wa kushoto. Nikadhani ni nesi ameingia kunifariji. Lakini mkono ule ulikuwa baridi, mgumu, umejaa udongo mbichi. Na kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda. Niamini, kidole kile nakijua. Ndicho nilichokuwa nakishika tukienda kisimani.

"Kamwene, Kadodo," sauti ikanisalimu Kihehe sikioni.

Kadodo! Jina hilo hakuna mwingine aliyewahi kuniita duniani ila mama.

"Nimekuja kukuaga."

Mwingine angeogopa. Mimi damu ilinichemka. "Kuniaga? Leo ndiyo umejua kuaga? Siku ile si uliniacha nimelala? Nilikukosea nini, mtoto mdogo vile?"

Daktari akazima mashine. "Mama, unaumia?"

"Mwache anijibu!"

Mkono ukanibana. Kisha ukaniachia, kidole kimoja kimoja. Nikavivua vile vikinga kwa nguvu. Chumbani tulikuwa mimi na daktari tu, na mlango umefungwa kwa ndani. Yule binti alikuwa anakitazama kiganja changu. Kilikuwa na udongo mwekundu, wa maji maji, na shuka jeupe limechafuka.

"Huu umetoka wapi?" akauliza.

Nikiwa bado nimekaa pale na barafu usoni, simu ikalia. Mwanaume nisiyemjua, analia.

"Dada, wewe hunijui. Mimi ni mdogo wako, niko Makongolosi, namba yako nimepewa na wazee wa Idodi. Mama ametutoka sasa hivi. Ukingo wa shimo umemporomokea akiosha mchanga. Tulimfukua bado anapumua, akamtaja Kadodo, basi. Dada, Kadodo ni nani?"

Nikakata simu.

Daktari alikuwa amenikataza jua. Nilikwenda kuzika hivyo hivyo, uso umevimba unawaka moto, jua la Chunya likanimalizia. Niliposhuka pale msibani akina mama walipiga yowe, mmoja akakimbia. Walidhani marehemu ameinuka. Sikulia. Nilisimama kaburini, mbele ya mchungaji na wale watoto wake wengine, nikauliza tena kwa sauti: "Nilikukosea nini?" Watu wakainamisha vichwa. Walioshika majembe wakaendelea kufukia.

Madoa haya meusi unayoyaona mashavuni si ya leza, ni ya jua la siku ile. Na kiganja changu cha kushoto hakijapata joto tena. Nakishikisha kikombe cha chai ya moto, wapi! Mume wangu hataki nimguse nacho. Yule daktari amenipigia nikamalize matibabu yaliyobaki, sijaenda. Usidhani ni kwa sababu nimemsamehe. Naogopa wakinifunika macho, nitalala pale namsubiri.

Nawe unayenisikiliza, kama yupo mtu unayemdai jibu, mfuate angali hai. Mkalishe kitini akueleze, hata mkigombana majirani wajae. Usingoje akufuate yeye. Wakishakufa huja kuaga tu. Kujibu hawajibu.