Bwana Shamba Alivyomlilia Mke Wangu

Mwezi Juni, kahawa ikiwa ndiyo inaanza kuiva, nilifiwa na mke wangu. Hapa Maguu alijulikana kwa mpera wetu: mtu akiharisha, alimchemshia majani yake, tumbo likatulia.

Juzi alikuja bwana shamba mpya, mgeni kutoka mkoa mwingine.

"Shikamoo mzee. Mama nimemkuta?"

"Marahaba. Mama ametutoka, mwanangu."

Akajikunja. "Mungu wangu!" Jasho likamtiririka. Nikajisemea, huyu ameumia kuliko shemeji zangu. Mimi si msemaji, lakini nilimkalisha, nikamshika mkono, nikamsimulia ugonjwa wote tangu homa ya kwanza. Kila nilipofika pagumu, aliguna na kufumba macho. Kwa faraja ya kupata wa kulia naye, nikaanza upya, tangu posa.

"Pole sana, mzee," akasema, machozi yakimlenga. "Naomba uniachie mkono."

"Jikaze, baba. Hata mimi silali."

"Nimejikaza tangu asubuhi! Nilifuata majani ya mpera, tumbo linaniendesha. Sasa nionyeshe choo tu!"

Nikamwonyesha. Akapita mbio chini ya mpera, kofia yake ikanasa kwenye tawi, wala hakugeuka.