Mkalimani wa Ngumi

Uingereza naijua kwa matusi. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi Nairobi kwenye ofisi ya kupokea simu, nikiwasikiliza Waingereza wakilalamikia bili zao za gesi. Nilitukanwa na watu wa kusini, wa kaskazini, wa Uskoti, na wale ambao humeza nusu ya neno kabla halijatoka mdomoni. Ofisi ilipofungwa nilidhani nimeachana nao. Nikajifunza kushona, nikapata kibanda sokoni Thika, nikawa fundi wa sare za shule, na sikuhitaji tena Kiingereza zaidi ya kile cha kusoma maneno kwenye beji.

Waingereza walinirudia kupitia kwa baba yangu. Baba alikuwa bondia wa timu ya kiwanda cha nguo pale Thika, enzi ambazo kiwanda kilikuwa na timu na timu ilikuwa na basi lake. Sasa anaishi nami Mwihoko, orofa ya tatu, na kichwa chake kimeanza kumwacha. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana huja wazee wenzake wawili kutoka mtaa wa Landless, Thika. Mmoja ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kona yake na ndoo na taulo. Siku hizi anatengeneza baiskeli. Wa pili alikuwa mpinzani wake ulingoni. Nitamwita mpinzani, maana hata leo baba akimwona mlangoni husema, "Ĩĩ, mpinzani amefika," halafu hukunja ngumi na wote wawili hucheka.

Wanakuja kusikiliza podikasti. Binti wa yule mzee wa kona ndiye aliyewaonyesha: mahojiano marefu ya mabondia wa Uingereza na mapromota wao, wameketi wakimwaga siri ambazo zamani mtu angezikwa nazo. Wazee hawa wana Kiingereza cha kazini na cha kanisani, lakini Kiingereza cha mtu aliyevunjwa pua kinawapita juu. Basi naiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, nachezesha kipande, nasimamisha, natafsiri. Mwanzoni nilikuwa nikisema, "Anasema kwamba alidanganywa." Mpinzani hakupenda.

"Wachana na hiyo anasema, anasema," aliniambia. "Si wewe uongee tu kama yeye. Sisi tunataka yeye, hatutaki ripoti."

Kwa hiyo nikawa bondia. Nikawa promota pia. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha cherehani yangu, chaki mkononi, nikasema, "Nililala njaa ili nifikishe uzito, na yule mshenzi akabadilisha mkataba nikiwa tayari nimevaa glavu," na wazee wawili wakatikisa vichwa wakinionea huruma.

Waliowachemsha zaidi ni mapromota.

"Huyu ni kama broka wa ploti za hapa Ruiru," mpinzani alisema siku moja. "Anakuonyesha shamba ya mtu mwingine, anakununulia soda, ukimpigia kesho, mteja hapatikani."

"Lakini promota ndiye anakupea pigano," mzee wa kona akamjibu. "Sisi tungekuwa na mmoja, hata kama ni mwizi, tungefika London."

"Tungefika na nini? Na hizo gumboot zako?"

"Mkono wa kushoto uko chini," baba alisema.

Hivyo ndivyo baba anavyochangia. Mada iwe mkataba, iwe talaka ya bondia, yeye hungoja pawe kimya halafu huwakumbusha watu wainue mkono wa kushoto. Wazee hukubali kwa heshima na kuendelea na ubishi wao. Mimi nilikuwa nikipuuza, hadi siku aliyoniambia hivyo nikimmiminia uji, nikatazama, na kweli mkono wangu wa kushoto ulikuwa chini na kikombe kimeinama, na uji ulikuwa mezani.

Nikieleza hivi naona inakaa kama nyumba ya furaha, na Jumamosi kwa saa chache ilikuwa. Siku nyingine zote ilikuwa jela, na sina neno jingine. Mara ya kwanza baba aliponiponyoka alipatikana Membley, amesimama kwenye geti la mtaa wa watu wenye magari, begi lake la mazoezi begani, akiwauliza walinzi kama mazoezi yameanza. Mlinzi mmoja aliona namba yangu ya simu, ambayo nilikuwa nimeidarizi ndani ya kola ya baba jinsi tunavyodarizi majina ya wanafunzi, akanipigia. Nilimshukuru yule mlinzi, nikamrudisha baba kwa bodaboda, na kabla jua halijatua nilikuwa nimenunua kufuli la mlango wa grili. Ufunguo nikautia kwenye uzi, nikauvaa shingoni.

Tangu hapo kila alasiri baba huvaa raba zake, huchukua begi, huenda kwenye grili na kuitikisa. Haitikisi kwa fujo. Huitikisa polepole, kama mtu anayejua kwamba wenye nyumba wako ndani na watakuja tu.

"Maitu, nifungulie. Kocha anangoja."

Maitu maana yake ni "mama yangu", kwa Kikuyu. Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Namwambia leo hakuna mazoezi. Anauliza nani amesema. Namwambia ni kocha mwenyewe. Anakaa, anavua raba, na baada ya muda mfupi anazivaa tena.

Kufuli lile lilitufunga sote wawili. Nilihamishia cherehani sebuleni. Mboga naletewa na keateka, mtunzaji wa ploti yetu. Ibada naisikiliza kwenye simu. Kaka yangu yuko Uarabuni, na akipiga huniambia nivumilie kidogo, hadi neno hilo kidogo nimelichukia, silitumii hata kwa chumvi. Wageni wakiondoka huniambia Mungu atanilipa. Mimi hutabasamu, na moyoni hujiuliza, na wewe je?

Halafu shule zilipokaribia kufungwa mwisho wa mwaka, mwenyekiti wa soko la Thika akanipigia.

"Mama uniform, kibanda yako imekaa na kufuli sana. Kuna watu wanaiulizia. Ukikosa kufungua kabla watu waanze kununua nguo za January, tutapea mwingine. Usiseme sikukuambia."

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Lakini kile kibanda nilikitaka hadi nikawa nakiota: harufu ya kitambaa kipya, wamama wakibishana kuhusu urefu wa sketi, mtoto amesimama juu ya stuli nikimpima mabega. Thika mimi ni fundi. Mwihoko nilikuwa yule mama wa grili. Niliona wazi kwamba kibanda kikienda nitazeekea kwenye sebule ile nikimdanganya baba kuhusu kocha, na wazo hilo lilikuwa likinijia hata nikiwa nimekaa tu, nashona vifungo.

Jumamosi iliyofuata wazee walikuja na mkate na maziwa kama kawaida. Kuna ubishi mmoja ambao huwa haukosi, wa pigano lao la zamani kwenye ukumbi wa Thika, ambalo baba alipewa ushindi kwa pointi. Mpinzani hushikilia kwamba aliibiwa. Baba, hata siku ambazo hakumbuki kama amekula, hukumbuka kila raundi na kumjibu moja baada ya nyingine.

"Mimi bado nadai ile mechi yangu," mpinzani alianza, akimimina chai.

Baba akamtazama kwa upole. "Basi chukua," akasema. "Ulishinda wewe."

Mpinzani hakucheka. Aliweka thermosi chini. "Wacha mchezo, mzee. Wewe ndio ulinishinda. Si ulinipata hapa?" Akajigusa taya. "Raundi ya pili, si ulinipata hapa?"

Baba akatabasamu tu, lile tabasamu analowapa watu asiowafahamu. Mzee wa kona akaniomba niweke podikasti haraka.

Tulimsikiliza promota mmoja akijisifu, wakamtukana, lakini bila moyo. Mahojiano yale yalipoisha, simu ikaendelea yenyewe na mengine. Alikuwa bingwa wa zamani, na mke wake ameketi kando yake. Sauti ya yule bwana ilikuwa nzito na ilisimama mahali ambapo sentensi haijaisha. Mwulizaji akamwuliza ni pigano gani lililokuwa gumu kuliko yote. Mke wake akamnong'oneza jina la mji.

Nikasimamisha, nikatafsiri. "Mwulize mke wangu. Yeye ndiye anakumbuka siku hizi."

Nikachezesha tena, nikasimamisha tena. "Madaktari wanasema ni zile ngumi. Naweka viatu kwenye friji. Natoka nyumbani kwenda kwa jimu ambayo ilibomolewa zamani."

Hakuna aliyemtazama baba, na hapo ndipo nilipojua kwamba wote wanamfikiria yeye. Baba mwenyewe alikuwa akipangusa makombo ya mkate gotini. Nikauliza kama niweke kitu kingine.

"Endelea," mpinzani alisema.

Mwulizaji akamgeukia mke. Akamwuliza, na wewe, unaendeleaje? Mama yule akajibu kwa sauti ya furaha ya juujuu, sauti ninayoijua vizuri kutoka kazini, ya mtu aliyekwisha kata tamaa na bili yake. Nikasimamisha simu.

"Mimi niko sawa," nikasema. "Inabidi tu kuendelea."

Hayo ndiyo aliyoyasema. Yalikuwa yameisha. Lakini mdomo wangu haukunyamaza.

"Siko sawa," nikasema. "Nimemfungia kwa kufuli. Nikienda kuoga naoga na ufunguo. Nampenda, na kuna siku nikimsikia akitikisa mlango natamani afe tu tupumzike, halafu naenda jikoni nalia kwa sababu nimetamani hivyo. Kazi yangu inakaribia kupewa mtu mwingine. Watu wanakuja, wanakunywa chai, wanacheka na yeye, wananiambia Mungu atanilipa, wanaenda kwao. Hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza ufunguo uko wapi."

Mzee wa kona akashika kichwa. "Ngai! Huyo mama wa Kizungu ameteseka."

Mpinzani alikuwa ameitazama ile sufuria muda wote. Akainuka, akaitoa simu, akaisogeza karibu na macho.

"Hii kitu imesimama kitambo," alisema.

Nilihisi uso ukinichoma. Niliona aibu, na nilikuwa na hasira, na zaidi ya yote mabega yangu yalikuwa mepesi, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. Mzee wa kona alinitazama, akaitazama simu, akaelewa, akainamisha kichwa. Mpinzani alirudi kitini.

"Ni kazi gani inapewa mtu mwingine?" aliniuliza.

Nikamweleza habari ya kibanda na simu ya mwenyekiti.

"Na ufunguo uko wapi?"

Nikauvuta uzi kutoka ndani ya blauzi. Akanyoosha kiganja, kikubwa, na vidole ambavyo havinyooki tena.

"Jumanne na Ijumaa ni zangu," alisema. "Huyu wa kona atachukua Alhamisi. Si tunakaa tu huko Landless tukiota jua."

"Na baiskeli za watu?" mzee wa kona aliuliza.

"Watembee kwa miguu."

"Atakusumbua," nikamwambia mpinzani. "Akikataliwa kutoka anaweza kuwa mkali. Anaweza kukupiga."

"Alishanipiga," alisema. "Hiyo tunajua."

Jumanne alifika asubuhi, amevaa raba, akaniambia hakuzivaa bure, kama baba anataka mazoezi basi watafanya mazoezi hapo hapo sebuleni. Niliweka makasi na futi ya kupimia kwenye mkoba. Nilimwonyesha dawa, nikamwonyesha uji, nikamwonyesha mambo aliyokwisha kuonyeshwa. Mwishowe akanisukuma nje kwa upole na kufunga kufuli nyuma yangu. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile nikiwa upande wa ngazi. Mkono wangu ulienda shingoni wenyewe, ukakosa uzi.

Baba alikuja kwenye grili, begi begani. Alinitazama kwa makini kutoka juu hadi chini, mkoba wangu, viatu vyangu vya kutokea. Nikangoja aniite.

"Madam," alisema, kwa adabu kabisa. "Unaelekea Thika?"

"Ndio, naelekea Thika."

"Kuna msichana wangu huko sokoni. Anashona uniform, ukiuliza watakuonyesha." Alishusha sauti ili mpinzani asisikie. "Mwambie babake amefungiwa kwa nyumba ya watu. Mwambie aje anifungulie."

Nyuma yake mpinzani alikuwa ametazama sakafu. Mimi nilishika chuma cha ngazi.

"Nitamwambia," nikasema.

"Asante. Atakuja, huyo ni maitu."

Nikashuka. Nilipofika chini bado nilimsikia akiitikisa grili, polepole, akiningoja.