Ukucha wa Baba na Mbao za Plastiki

Baba alikuwa na kipimo kimoja cha kazi ya seremala. Ukishaunga mbao mbili, anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya maungio. Ukucha ukinasa, unabomoa na kuanza upya, hata kama mteja anasubiri nje na gari linaunguruma. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, na mimi na kaka yangu tulikulia ndani ya maranda yake. Mbao yetu ilikuwa mninga, wa kutoka upande wa Kaliua, na mninga uliokauka vizuri hauchezi. Ukiuunga leo bila mwanya, wajukuu wako wataukuta hivyo hivyo. Ndiyo maana kwetu fundi aliyeacha mwanya alichekwa mchana kutwa. Aliambiwa amejengea panya mlango.

Mbao za plastiki zilipofika, zilitukuta na kiburi hicho.

Zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Mwenye mali alikuwa mama mmoja mstaafu aliyerudi nyumbani, akajenga pembeni mwa mji, na bustanini akaweka baraza la mbao la kupungia upepo. Sakafu ilikuwa tayari. Zilizobaki ni fishabodi, zile mbao pana za kuziba ukingo wote ili mihimili ya chini isionekane. Alitaka za kisasa, za maranda yaliyosagwa na kuchanganywa na plastiki, kwa sababu mchwa hawazigusi. Nilimwelewa, maana mchwa wa Tabora hawana adabu. Hata hivyo iliniuma kuona treni inaleta mbao Tabora, wakati maisha yangu yote nimeiona ikizichukua.

Baba hakuwa akifanya kazi tena, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa ametuambia waziwazi kwamba baada ya kazi ile ataamua nani arithi karakana. Wengi walidhani ataachiwa kaka kwa kuwa ndiye mkubwa, lakini baba alijali mkono kuliko umri. Nami niliitaka karakana ile kuliko kitu chochote.

Tulianza wakati wa kipupwe, asubuhi za makoti. Mimi nilikuwa nakata, kaka anaunga, maana kuunga ndiko kunakoonekana na watu. Asubuhi moja nilikata kipande, nikakijaribu, kikaingia mahali pake vizuri. Nikakitoa na kukiegemeza juani wakati tunapanga skrubu. Mchana kikagoma kuingia. Nilipokipima, kilikuwa kimerefuka.

"Kaka, mbao hizi zinarefuka kwa joto," nikamwambia. "Tuache mwanya kila zinapokutana. Hata upana wa ncha ya penseli."

"Mwanya? Baba akija na ukucha wake utamwambia nini?"

"Nitamwambia huu si mninga."

"Dogo, usinifundishe kazi."

Akachukua nyundo ya mbao, akakigonga kipande kile mpaka kikaingia kwa nguvu, akakaza skrubu. Mama mstaafu alikuwa pale kibarazani akimenya karanga, na kwetu mdogo habishani na mkubwa mbele ya mteja. Nikameza maneno yangu, nikaendelea kukata.

Tulipomaliza tulimleta baba kwa bajaji. Akamsalimu yule mama, "Mwangaluka," na mama akafurahi kusikia Kinyamwezi nyumbani kwake. Kisha baba akainama, akauzunguka ukingo wote akipitisha ukucha kwenye kila maungio. Haukunasa popote.

"Nani ameunga?"

"Mimi, baba," kaka akajibu upesi.

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema tusubiri jua kali lipite, ndipo atoe neno lake.

Jua la Oktoba lilipokuja, kila kitu kikaharibika. Mbao zilikosa pa kwenda, zikajipinda kwa nje, skrubu zikang'oka na kona moja ikapasuka. Mama alimpigia kaka simu kumwambia baraza limeota kitambi. Habari zikamfikia baba, akatuita sote wawili.

"Mbao huvimba masika," alisema. "Kiangazi husinyaa. Hizi zimevimbaje na jua lote hili? Zilikatwa ndefu tangu mwanzo. Nani alishika vipimo?"

Kaka alijua. Mimi mwenyewe nilimweleza, kipande kikiwa mkononi mwangu. Akatazama miguu yake, akasema, "Vipimo alishika mdogo wangu, baba."

Alinitosa mchana kweupe. Nikajitetea haraka haraka, nikasema ile ni plastiki, inatanuka kwa joto, na nilishauri tuache mwanya. Nikamgeukia kaka aniunge mkono. Hakuinua uso. Baba akanyoosha mkono kuninyamazisha.

"Ukikosa sema umekosa, mwanangu. Usiisingizie mbao."

Karakana ikawa ya kaka, pamoja na randa ambayo mpini wake ulikuwa umelika kwa kiganja cha baba.

Wiki hiyo hiyo kaka alirudi peke yake kwa yule mama mstaafu, akafungua mbao zote na kuzipunguza. Baadaye nilipita pale nikachungulia. Kila zilipokutana palikuwa na mwanya, upana wa ncha ya penseli. Mama alinikaribisha chai na kumsifu sana kaka yangu, eti ni mtu anayejua kusahihisha kazi ya wenzake. Siku hizi ndiye fundi wa mbao za plastiki mjini, nyumba za wageni zinamgombania. Akiulizwa siri ya mwanya ule, anasema aligundua mwenyewe. Mimi natengeneza stuli na vitanda chini ya bati la kuazima. Watu hunishauri nisahau, damu ni damu. Sijasahau, na simpendi kaka yangu. Tukikutana msikitini nampa mkono kwa sababu watu wanatazama.

Baba alipougua kwa mara ya mwisho tulipokezana kumuuguza. Alasiri moja nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya vidole vyangu, taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Mwanangu," akasema, "zile mbao nimekusamehe."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Alisikia kila neno. Nilimtazama, nikangoja afungue mdomo wake walau siku hiyo.

"Ahsante, baba," nikasema.

Kaka akasogea, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda, akaanza kumnywesha uji.